Fimbo ya Mdomo wa Duara

Fimbo ilishuka, lakini haikulia.

Mwalimu Ghati alibaki ameinamisha mkono, akiingoja sauti ambayo ilipaswa kuwa imeshasikika mpaka barabarani. Kazi yake aliijua. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa mwalimu wa nidhamu, na fimbo alizitambua kwa mlio: ya mpera hulia kavu, ya mkaratusi hulia kwa hasira, ya mwarobaini hulia mara moja ikakatika. Hii ilikuwa imetua barabara kwenye suruali ya Amosi, kijana wa kidato cha tatu aliyeinama mbele ya wanafunzi wote wa Sekondari ya Bulimbaga, na haikutoa hata ule mlio mdogo wa nguo kukung'utwa. Vumbi lenyewe halikuruka.

Amosi naye hakulia.

Ghati aliwaza madaftari hapo hapo, maana hakuna mbinu ya watoto ambayo hakuwa ameikamata. Akamwita kiranja ampapase kijana mifukoni na kiunoni. Hakukuwa na daftari wala suruali ya pili. Akavimalizia viboko vitatu vilivyobaki, na ilikuwa kama anapiga moshi. Amosi alijinyoosha, akasema asante madamu, akarudi mstarini akitembea vizuri kabisa, asijishike popote.

Wanafunzi walicheka chini chini. Ghati hakucheka. Alimwangalia yule kijana mpaka alipoingia darasani, na moyoni akasema, huyu amekwenda kwa mganga.

Yafaa tumweleze kidogo huyu Ghati, maana bila kumjua mtu huwezi kujua balaa lilimwingilia kwa mlango gani. Alikuwa mzaliwa wa Tarime, mjane, mama wa binti mmoja aitwaye Mageni aliyesoma kidato cha pili shuleni hapo hapo. Alikuwa mtu wa shaka tangu tumboni. Akinunua nyanya soko la Nyahanga alimwaga kopo zima la sado aone za chini. Saa ya ukutani ofisini aliilinganisha na ya simu kila asubuhi, kana kwamba usiku kuna mtu huisogeza. Kwao, kijana akilia mbele ya kisu cha tohara aibu yake huimbwa mpaka kwa wajukuu, kwa hiyo kilio hakikuwa kitu cha kumtetemesha. Juu ya meza yake alikuwa amebandika karatasi yenye maneno aliyoyaandika kwa herufi kubwa: Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Lakini msimfikirie kuwa mkatili. Ghati alipiga kwa sababu aliogopa. Nyuma ya shule kulikuwa na kilima ambacho miaka michache nyuma kilipata rashi ya dhahabu. Watu walimiminika kutoka kila mkoa, wakachimba, wakachoka, wakahamia kwingine na kuyaacha maduara yao wazi, mashimo membamba yanayoshuka wima kuliko kisima. Wachache walibaki wakirudia mawe yaliyoachwa. Huko ndiko wanafunzi walikotorokea, wavulana kuponda mawe, wasichana kupika na kuchota maji. Muhula uliotangulia mmoja alitumbukia akavunjika nyonga, na mwingine alitolewa mzima wa mwili lakini mpaka leo hamjui mama yake. Ghati ndiye aliyemshika miguu yule wa pili alipokuwa akipakiwa kwenye gari. Tangu siku hiyo aliapa kwamba hakuna mtoto atakayemfia kilimani.

Ndipo akabuni sheria yake, na aliipenda kama mtu anavyopenda shati alilojishonea mwenyewe. Mtoro wa machimboni hatachapwa kwa fimbo ya shule. Atarudi kule kule alikotorokea, akiwa na kiranja wa kumlinda, akate fimbo aje nayo. Alisema mtu akishaibeba adhabu yake kutoka mahali pa kosa, hatapasahau.

Kitu kimoja hakukifikiria. Kilimani hakukuwa na mti. Yote ilikatwa zamani kuwa matimba, ile miti ya kuzuia kuta za maduara zisibomoke. Amosi alizunguka asubuhi nzima na kiranja wake, hakuona hata kichaka, mpaka walipofika kwenye duara moja la pembeni lililofunikwa kwa mawe, na katikati ya mawe kumesimama kijiti kimoja chekundu, laini, chenye urefu wa mkono wa mtu mzima. Akakichomoa.

Ghati alipokipokea alikisifu. Kilikuwa kizito kuliko kilivyoonekana, ncha moja imechongwa, na kilinuka udongo wa chini sana ambao haujaona jua, na baruti kwa mbali. Akaona fimbo nzuri hivyo isitupwe. Akaiweka nyuma ya mlango wa ofisi iwe ya watoro wote.

Mchana wa siku ile ile ya Amosi, Ghati alikwenda nyumbani kupasha maharage. Nyumba za walimu ziko ng'ambo tu ya uwanja wa mpira. Alikuwa ameinama jikoni aliposikia mlio mkavu, mkali, mlio halisi wa fimbo juu ya suruali. Baada yake kilifuata kilio cha mvulana.

Ukafuata mlio wa pili, na kilio. Wa tatu. Wa nne. Halafu sauti ya Amosi, imekatwakatwa na kwikwi, ikisema nisamehe madamu, sirudii madamu. Haikutoka nje wala chumba cha pili. Ilitoka chini ya sakafu.

Alichungulia mvunguni, chooni, nyuma ya banda la kuku, hakuona mtu. Akatoka mbio mpaka darasani, na pale alimkuta Amosi amekaa wima, ananakili notisi za historia, mwandiko umenyooka kuliko siku zote. Ghati alirudi akiwa na uhakika kwamba kuna mtu anamchezea. Alimshuku Amosi, akamshuku mwalimu wa fizikia wa nyumba ya jirani ambaye alikuwa na spika kubwa. Siku mbili alimnunia jirani yake bila kumwambia kosa.

Wiki zilizofuata, watoro waliopita kwenye ile fimbo walifika ishirini na wawili, Amosi akiwamo. Ghati aliwachapa kwa kufuata mwongozo: vinne, si zaidi, wavulana makalioni na wasichana kiganjani, na kila kimoja kimeandikwa kwenye kitabu cha adhabu na kusainiwa na mkuu wa shule, Mwalimu Telesphori. Watoto wa watu alikuwa mwangalifu nao, maana wazazi wa siku hizi hufika shuleni na simu zikiwa zinarekodi. Hakuna aliyelia. Na kila mchana, chini ya sakafu yake, walilia wote kwa zamu.

Wakati huo huo shule ilitulia mpaka ikasifiwa. Waliochapwa hawakutoroka tena. Walifika kabla ya kengele, wakakaa kimya, wakafagia bila kusukumwa. Mkuu wa shule, mtu mpole wa Ushirombo aliyependa amani kuliko ukweli, alimpongeza Ghati mbele ya walimu wote. Afisa elimu kata alipita kukagua, akasema Bulimbaga ni mfano. Ghati aliitikia shukrani, lakini jicho lake halikutoka kwa wale watoto. Hawakuwa wakicheka. Mpira ulimpiga mmoja usoni wakati wa michezo, damu ikamtoka puani, naye aliendelea kukimbia kana kwamba ni jasho. Ghati alijiuliza ni dawa gani wanakunywa, na nani anawauzia.

Halafu Mageni alikamatwa kilimani.

Alikwenda na rafiki zake wawili kuangalia karasha, mashine ya kusaga mawe, inavyofanya kazi. Ndilo jambo alilolisema, na huenda lilikuwa kweli. Lakini Ghati alimkuta peke yake, rafiki wameshakimbia, amesimama kwenye ukingo wa duara, ncha za viatu zikining'inia hewani, anachungulia chini. Alimdaka mkono akamvuta nyuma. Aliporudi naye shuleni, mstarini wanafunzi walikuwa wanaambizana kwamba mtoto wa madamu hataguswa.

Aliguswa. Ghati alimpiga vinne kiganjani mbele ya wote, na Mageni alimwangalia tu mama yake kwa macho makavu. Yale macho ndiyo yaliyomshinda Ghati. Alimvuta mpaka stoo ya vitabu, akafunga mlango, akampiga tena mgongoni kwa fimbo ile ile, akisema kwa meno yaliyokazwa kwamba ungekufa, ungekufa, unanielewa, ungekufa. Alipotoka, Mageni alikuwa anaokota vitabu vilivyoanguka. Kwenye kitabu cha adhabu Ghati aliandika vinne, na Mwalimu Telesphori akasaini.

Mchana wa siku hiyo hakwenda nyumbani. Alikaa ofisini bila kula. Jioni alipofungua mlango, kilio cha mwanawe kilikuwa kinamngoja chini ya jiko.

Kilichofungua macho ya watu wote ni uji. Salome, msichana mwembamba wa kidato cha kwanza aliyekuwa miongoni mwa wale waliochapwa, alikuwa zamu ya kugawa uji saa nne asubuhi. Kata ilimponyoka ikazama kwenye sufuria kubwa iliyokuwa inatokota. Salome alikunja mkono wa sweta, akauingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akapapasa, akaitoa kata, akamwuliza mwenzake aliyefuata kama anataka kikombe kimoja au viwili. Ngozi ya mkono ilikuwa imeshaanza kuachia. Watoto waliomwona ndio waliopiga mayowe, yeye aliwashangaa.

Hospitali walisema mkono utapona taratibu. Wazazi walijaa shuleni. Afisa elimu kata alirudi, safari hii bila sifa, akataka kitabu cha adhabu. Na kule nyumbani Ghati alimkalisha Mageni kwenye kigoda, akamvua viatu, akakuta mwiba wa mgunga umezama kwenye kisigino, umeoza, usaha umejaa.

"Mbona hukusema?" Ghati alimwuliza.

"Kusema nini, mama?"

Aliuchomoa ule mwiba kwa sindano, na Mageni alikaa ametulia akimwangalia kana kwamba mguu ni wa mtu mwingine, na wakati huo huo, chini ya kigoda, chini ya saruji, chini ya udongo ambao msingi wa nyumba haukufika, sauti ya Mageni yule yule ilikuwa inalia mama, mama, mama inauma, na harufu ya baruti na udongo mbichi ilipanda kupitia ufa wa sakafu mpaka Ghati akaionja ulimini, na ndipo kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliacha kumshuku mtu yeyote na kuanza kujishuku mwenyewe.

Asubuhi alimwita Amosi ofisini, akamwuliza fimbo aliitoa wapi. Amosi alieleza bila woga, kama anajibu swali la jiografia. Akasema pia kwamba kuna mtu aliyekuwa akilipiga fagio lile duara kila Ijumaa, mwenye karasha, anaitwa Edson.

Ghati na Amosi walimkuta Edson amekaa juu ya gunia la mawe, mwekundu wa vumbi tangu kofia ya tochi mpaka kwenye kope. Alikuwa Msumbwa wa makamo, msagaji wa mawe siku zote na mganga wa wachimbaji pale ilipobidi. Ghati alimkunjulia kitenge alichokuwa ameifungia ile fimbo. Edson hakuigusa. Alizima mashine kwanza.

"Mayu," alisema kwa sauti ya chini, yaani mama kwa lugha ya kwao, "hiyo si fimbo. Hicho ni kizibo."

Akamsimulia. Wakati wa rashi wachimbaji wa duara lile walifika kwenye maji, na chini ya maji wakasikia mtu analia. Alishuka wa kwanza kumwokoa, hakupanda. Alishuka wa pili akimfuata wa kwanza, maana sasa aliyelia alikuwa na sauti ya wa kwanza. Walikwisha watatu kabla hawajaelewa. Mle ndani mna jini ambalo halina sauti yake. Linaishi kwa kuazima. Edson ndiye aliyelifunga mdomo kwa kijiti kile.

"Watoto wangu ishirini na watatu limewafanya nini?" Ghati aliuliza.

"Limechukua vilio vyao. Kila ulipopiga, maumivu yalishuka kwake." Edson aliangalia kilima. "Leo alfajiri nimemkuta baba yake Salome pale ukingoni, amejifunga kamba kiunoni. Anasema binti yake yuko chini anamwita. Nimemwambia binti yuko hospitali, hakuniamini mpaka tulipopiga simu. Sasa mwalimu, una vilio vya wote ishirini na watatu mle. Mzazi gani atasikia mwanawe analia shimoni asishuke?"

Ghati alikaa chini pale pale kwenye vumbi la mawe, na sketi yake ya kazi.

Dawa ilikuwapo, Edson alisema, ila ni moja na ya mara moja. Aliyepiga aende na ile ile fimbo mpaka kwenye mdomo wa duara, watoto wote wawepo. Amtaje kila mmoja kwa jina na idadi ya viboko alivyompiga, halafu aipige ardhi mara hizo hizo. Kila pigo litamrudishia mwenyewe kilio kimoja. Mwisho kijiti kirudishwe mahali pake, na yeye Edson atamwaga zege juu yake asije mtoto mwingine akakichomoa. Baada ya hapo hakuna kurudi.

"Idadi iwe kweli," alimsisitizia. "Utakalolitamka pale ndilo litakalokuwa. Ukipunguza, kitakachobaki umempa kwa mdomo wako mwenyewe."

Ingekuwa hiari ya Ghati wangekwenda siku hiyo hiyo, yeye na watoto na Edson, basi. Lakini habari haikai kwenye sanduku. Wazazi walisikia, wakataka kuwepo. Mwalimu Telesphori alisikia, akaogopa kuulizwa baadaye. Afisa elimu kata alisema waziwazi kwamba wanafunzi hawatapelekwa kwenye mambo ya kienyeji bila yeye, kwa kuwa anaandika taarifa ya halmashauri, na kwamba atakuja na kitabu cha adhabu alinganishe kila idadi itakayotamkwa. Mwalimu aliyezidisha, alisema akimwangalia Ghati, hatakuwa na wa kumlaumu.

Usiku mzima Ghati alihesabu moyoni. Vinne kiganjani. Stoo ya vitabu, vitano. Tisa. Alihesabu tena kwa kupunguza, ikatoka tisa. Akajiambia kesho atasema tisa hata wamfukuze kazi, kazi si mama wa mtu. Halafu akakumbuka kwamba nyumba ni ya shule, na mume hayupo, na mtoto aliyefukuziwa mama yake kazi kwa kupigwa yeye ataishije na watu. Mpaka kunakucha alikuwa bado anasema tisa, lakini sauti imepungua.

Walikusanyika kilimani saa tano, jua kali. Wazazi upande mmoja, watoto wameshikana mikono upande wa pili, Salome mkono ukiwa kwenye bandeji. Afisa elimu kata alisimama pembeni ya Ghati na kitabu wazi na kalamu. Edson aliondoa mawe. Duara likafunguka, jeusi, na pumzi baridi ikatoka ikiwa na ile harufu.

"Amosi," Ghati alisema. "Vinne."

Akaipiga ardhi. Safari hii fimbo ililia. Kutoka chini kilio kilipanda kama ndoo inayovutwa, kikapita miguuni pa watu, na Amosi akaruka akajishika makalio akipiga yowe. Pigo la pili, la tatu, la nne. Kijana mwenye ndevu changa alianguka kifudifudi akilia kama mtoto wa chekechea, na mama yake alipiga vigelegele huku machozi yanamtoka. Afisa aliweka alama ya vema kwenye kitabu.

Likaja jina la pili, la tatu, la kumi. Salome alipopata vyake alishika bandeji akalia kwa kiganja na kwa uji kwa pamoja, na baba yake akambeba. Kilima kizima kilijaa vilio, na hakuna aliyewahi kusikia furaha ya namna ile. Ghati alikuwa amelowa jasho. Akabaki mmoja.

"Mageni," alisema.

Kalamu ya afisa ilisimama juu ya mstari wa mwisho, na Ghati akaliona jina la mwanawe limeandikwa kwa mwandiko wake mwenyewe na mbele yake tarakimu moja tu, na saini ya Mwalimu Telesphori chini yake, na Mwalimu Telesphori mwenyewe amemkodolea macho ya kumwomba asimwangushe, na wazazi wote wa kata ambao watoto wao alikuwa amewahubiria nidhamu kwa miaka yote hiyo wamenyamaza kumsikiliza, na Mageni pale mbele ametulia, kisigino kimefungwa kitambaa, anamwangalia mama yake bila kudai chochote kwa sababu hakujua amepigwa vingapi, hakuhisi, hakuhesabu, hakuna mwingine duniani aliyejua isipokuwa Ghati na kile kilichokuwa chini, kilichokuwa kimenyamaza kuliko wote.

"Vinne."

Afisa akaweka alama. Ghati akapiga ardhi mara nne, na Mageni akalia mara nne, akamkimbilia mama yake akamkumbatia, kiganja kimevimba. Kwa muda ule mfupi Ghati aliamini kwamba huenda vinne vinatosha. Edson alimtazama kwa kitambo, akimpa nafasi. Ghati akampa fimbo. Edson akayarudishia mawe, akaipigilia katikati yake kwa nyundo, akamwaga zege, na wazazi wakamshukuru kwa Kisukuma na Kiswahili, wabeja, wabeja, asante.

Nyumbani, maumivu ya Mageni yalikuja na kuondoka kama umeme wa mgao. Siku moja alijikwaa akalia, Ghati akashangilia. Kesho yake alijikata kidole na kisu cha vitunguu akaendelea kukata. Ghati alianza kumkagua kila jioni, nyayo, vidole, mgongo, kama mtu anayekagua mtoto mchanga asiyejua kusema. Na mchana, chini ya sakafu, kulikuwa na mtu mmoja tu aliyebaki, na alilia mara tano.

Jumamosi moja Mageni aliinua kichwa kutoka kwenye daftari lake.

"Mama," alisema taratibu, "kuna mtu chini anayelia kama mimi. Ananiuliza kwa nini yeye hukumtaja."

Ghati alitoka bila kufunga kanga vizuri. Alimgongea Mwalimu Telesphori mlango, akamwambia kila kitu, akaomba kitabu arekebishe. Mkuu wa shule alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, akamwambia kwa upole kwamba kitabu kimeshakwenda halmashauri, taarifa imekwisha kupokelewa, na yeye apumzike. Ghati akapanda kilima peke yake katika jua la saa saba. Zege lilikuwa limekauka, jeupe, na mtu alikuwa ameandika tarehe juu yake kwa kidole. Alipiga magoti akaweka mdomo karibu na ardhi.

"Tisa," alisema. "Nilimpiga tisa. Nilidanganya. Nirudishie vitano vyake, nakuomba, nilimpiga tisa."

Kutoka chini sauti ya Mageni ikajibu, ya adabu, ya mwanafunzi aliyesimama kando ya dawati lake.

"Vinne, madamu. Imeandikwa vinne."

Alipiga zege kwa ngumi mpaka vidole vikachubuka. Alirudia tisa mpaka sauti ikamkauka, na kila mara alijibiwa vile vile, kwa upole ule ule. Jua lilipopinda aliteremka. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi na harufu ya maharage ilimpokea, na nyuma yake harufu nyingine, ya kitu kinachoungua. Mageni alikuwa jikoni anaepua sufuria kwa mikono mitupu, bila haraka, akitafuta pa kuiweka.